Kumtafutia mwenzake paka mpweke mwenye virusi vya lukemia

Paka akipimwa akakutwa na virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka, vile ambavyo madaktari huviandika FeLV, hupigwa marufuku mambo mawili kwa siku moja: asitoke nje tena, na asikae na paka wengine. Marufuku zote mbili ni za haki. Lakini mwenye paka anarudi nyumbani na kiumbe wa mwaka mmoja au miwili, ana nguvu zake, anakula vizuri, na kutwa nzima anakaa mlangoni akilia. Wengine humhurumia wakamletea kitoto cha paka kutoka kwa jirani. Hapo ndipo balaa linapoanza, maana kitoto ndicho kinachoambukizwa kwa urahisi kuliko paka wa umri mwingine wowote. Wengine humwacha alie mpaka achoke.

Mimi nashikilia njia ya tatu. Mwenzake anayemfaa yupo: ni paka ambaye tayari ana virusi hivyohivyo, na ambaye huenda naye amefungiwa chumbani kwa mtu, peke yake. Kazi yetu ni kuwakutanisha bila kumwambukiza hata paka mmoja mzima njiani. Inachukua muda na pesa kidogo, na inawezekana.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni upweke, si ugonjwa

Paka mpweke bado ana nguvu za kulalamika. Hukufuata chumba hadi chumba, huja kukaa nyuma ya mlango ukitoka, hulia usiku, huvizia miguu yako na kuing'ata kwa mchezo kwa kuwa hana mwingine wa kucheza naye. Wengine hujilamba mahali pamoja mpaka manyoya yananyonyoka. Ukikaa naye, hali hupungua.

Paka anayeumwa hufanya kinyume. Hujificha chini ya kitanda, hulala kutwa, huacha chakula, hukonda mgongoni. Mfunue mdomo taratibu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za rangi ya waridi. Zikiwa zimefifia au nyeupe, damu imepungua, na upungufu wa damu ni moja ya madhara makubwa ya virusi hivi kwa sababu hushambulia uboho, mahali damu inapotengenezwa. Papasa chini ya taya kama kuna tezi zilizovimba. Joto la paka mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likizidi hapo kuna jambo. Mafua yasiyoisha, vidonda mdomoni na kuhara kwa muda mrefu navyo ni vya daktari.

Ukiona dalili hizo, acha kwanza habari ya mwenza. Kumletea paka mgeni wakati mwili umeelemewa ni kumwongezea mzigo. Mtibu, apate uzito, halafu urudi hapa.

Kuna pia paka ambaye maisha yake yote amewachukia paka wenzake, akawa anawafukuza hadi nje ya uzio. Huyo akilia mlangoni, huenda anachokililia ni uwanja aliokuwa akiuzunguka. Mwenza humfaa hasa paka aliyekulia na wenzake, aliyekuwa akilala nao wamebanana.

Hatua ya pili: jua ni virusi gani, kisha pima tena

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna virusi viwili vinavyochanganywa. Cha kwanza ni hiki cha lukemia. Kiligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake huko Glasgow, Uskoti, baada ya saratani ya tezi kuwapata paka kadhaa wa nyumba moja. Yaani kilijulikana kwa sababu ya paka waliokuwa wakiishi pamoja. Kinapita kwenye mate, kamasi, mkojo, kinyesi na maziwa ya mama. Paka wanaopendana ndio wanaoambukizana zaidi, kwa sababu wanalambana na kula bakuli moja.

Cha pili ni FIV, kile ambacho mitaani huitwa ukimwi wa paka. Kiligunduliwa mwaka 1986 huko Davis, California, na Niels Pedersen na Janet Yamamoto. Chenyewe hupita hasa kwa kung'atana kwa nguvu, jino likazama mpaka ndani ya nyama. Kulambana na kula pamoja si njia yake ya kawaida. Ndiyo maana paka mwenye FIV, akiwa amehasiwa na hana ugomvi, anaweza kuishi na paka wazima waliozoeana naye, na wengi wao huishi miaka mingi. Ikiwa wa kwako ana FIV tu, daktari akikubali, mlango wako ni mpana zaidi kuliko wa mwenye FeLV. Mwongozo huu uliobaki unamhusu zaidi mwenye FeLV.

Virusi vyote viwili havimwambukizi binadamu wala mbwa. Waambie watu wa nyumbani mapema, na jirani akiuliza mwambie pia. Nimeona paka akitupwa sokoni akiwa ndani ya kiroba kwa sababu tu mtu alisikia neno ukimwi.

Sasa vipimo. Kipimo cha haraka cha kliniki kinahitaji matone machache ya damu na jibu hutoka kwa muda wa kama dakika kumi. Kwa FeLV kinatafuta protini ya kirusi chenyewe, iitwayo p27. Kwa FIV kinatafuta kingamwili, zile askari ambazo mwili umeziunda. Vipimo vingi huangalia vyote viwili kwa pamoja.

Jibu moja halitoshi. Kwanza, kipimo cha haraka huweza kukosea, hasa kwa paka asiye na dalili yoyote. Pili, na hili ni zito zaidi, si kila paka aliyeingiwa na virusi anashindwa navyo. Wapo ambao mwili huvifukuza kabisa. Wapo ambao huvibana: virusi hubaki vimejificha ndani ya chembechembe, havionekani kwenye kipimo cha haraka, na paka huyo kwa kawaida havitoi kwenye mate. Na wapo ambao virusi huwatawala, damu na mate vikajaa. Paka aliyepimwa wiki chache baada ya kuambukizwa huenda leo akaonekana anavyo na baadaye akawa amevibana.

Fikiria basi utakuwa umefanya nini ukichukua kitoto kilichopimwa mara moja tu, ukakiweka na paka wako ambaye mate yake yamejaa virusi. Kitoto hicho huenda hakikuwa navyo, au kilikuwa njiani kuvishinda. Kwa hiyo kanuni ni hii: paka wote wawili, wa kwako na anayekuja, wathibitishwe kwa kipimo cha pili. Daktari anaweza kupeleka damu maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, au kurudia cha haraka baada ya siku 30 au zaidi. Na kama paka wako mwenyewe amevibana virusi, usimlete anayevitoa kwa wingi kabla hujakaa na daktari mkalijadili.

Piga simu kliniki kabla ya kumbeba paka. Uliza: kipimo cha FeLV na FIV mnacho leo? Madaktari wengi wa mifugo kwetu kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila duka la dawa za mifugo lina kipimo cha paka. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Sokoine cha Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pazuri pa kuulizia nani anacho.

Hatua ya tatu: amua unamtafuta wa namna gani

Anayefaa kuliko wote ni paka mwenye FeLV iliyothibitishwa, asiye na FIV kama wa kwako hana, aliyehasiwa au atakayehasiwa, na ambaye umri na mchezo wake unalingana na wa kwako. Kulingana kwa mchezo kuna uzito kuliko jinsia. Kijana anayeruka makabati akiwekwa na paka mzee anayetaka kulala juani, mmoja atateswa na mwingine hataridhika. Paka mtulivu mwenye woga mpe mtulivu mwenzake. Madume wawili waliohasiwa wakiwa bado vijana mara nyingi hupatana vizuri. Dume asiyehasiwa usimlete kabisa, atanyunyiza mkojo ukutani na kutafuta vita.

Paka mzima mwenye chanjo ya FeLV je? Swali hili huulizwa kila mara. Chanjo ipo tangu mwaka 1985 na inapunguza hatari sana, lakini haizuii kwa uhakika wote, na paka anayelala pamoja na mwenye virusi, akilambwa kila siku, yuko hatarini kila siku. Ikiwa tayari unao wote wawili nyumbani na huwezi kuwatenga, mchanje aliye mzima na uongee na daktari. Lakini kumtoa paka mzima alikokuwa salama na kumleta kwenye hatari hiyo kwa makusudi, hapana. Na kwa paka ambaye tayari ameambukizwa, chanjo ya FeLV haimsaidii chochote.

Mbwa ni jambo jingine. Hapati virusi hivi. Mbwa mpole aliyekua na paka, au kitoto cha mbwa kinachofundishika, anaweza kuwa mwenza wa kweli. Masharti ni kwamba awe amechanjwa kichaa cha mbwa, asiwe wa kukimbiza, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia.

Hatua ya nne: tengeneza nyumba kabla ya kuanza kutafuta

Sharti la nyumba ya paka hawa ni moja: hawatoki, na wa nje hawaingii. Madirisha ya nyumba zetu mengi yana nondo na wavu wa mbu. Nondo haimzuii paka, na wavu wa mbu wa nailoni huchanwa kwa makucha usiku mmoja. Nunua wavu wa chuma wa matundu madogo, fundi aupigilie kwenye fremu ya mbao, au aufunge kwa waya mwembamba kwenye nondo zenyewe. Angalia na ile nafasi kati ya ukuta na bati. Paka wengi hupitia hapo wakati umeshafunga kila dirisha. Mlango wa mbele wekea pazia zito au kizuizi cha pili, kwa sababu watoto wakirudi shule huingia mbio na kuuacha wazi.

Kama una kibaraza au kipande cha ua, kukifunga kwa wavu pande zote na juu kunawapa jua na upepo. Ni gharama, lakini katika vyote unavyoweza kumjengea paka wa ndani hiki ndicho kinachombadilishia maisha.

Hapa huja swali la pwani, nami naliheshimu: kumfungia paka si dhambi? Watu hukumbuka ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa la mwanamke yule lilikuwa kwamba alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Wewe unamfungia ili umlishe, umtibu, na umkinge asiwaambukize paka wa mtaa. Ni vitu viwili tofauti.

Ndani weka vyoo vya mchanga vitatu kwa paka wawili, katika sehemu tofauti. Beseni la plastiki lenye mchanga safi wa mto au maranda linatosha. Weka mabakuli ya chakula mbali na choo, maji sehemu mbili, rafu moja au mbili za juu, na maboksi ya kujificha. Chumba kimoja kiwe na mlango unaofungika vizuri, hicho ni cha mgeni.

Hatua ya tano: mtafute

Anza na daktari aliyempima paka wako. Yeye ndiye anayejua wateja wengine waliopewa jibu hilohilo. Hatakupa majina yao, wala usimwombe. Mwachie namba yako awape wao. Kisha zungumza na kliniki nyingine za mji. Nenda kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama: Nairobi kuna KSPCA, Zanzibar kuna ZAASO, na miji mingine ina watu wanaookota na kulisha paka kwa mifuko yao wenyewe. Mama anayelisha paka wa soko la samaki anaweza kuwa na habari kuliko ofisi yoyote.

Waliopo Marekani wana njia iliyonyooka zaidi. Vituo vingi kule huwapima paka wanaopokewa, na vipo vinavyowatunza wenye FeLV mpaka wapate watu, kama Best Friends ya Kanab, Utah, na Austin Pets Alive! ya Texas. Paka hao mara nyingi huishi chumba kimoja pamoja, kwa hiyo unaweza kuuliza tabia ya kila mmoja, au hata kuchukua wawili waliokwisha zoeana.

Tangazo lako liandike wazi. Kwenye makundi ya simu tumia kitu kama hiki:

*Natafuta paka mwenye virusi vya lukemia ya paka (FeLV). Nina dume wa miaka miwili, amehasiwa, FeLV imethibitishwa mara mbili, hana FIV. Anakaa ndani tu, anapenda kucheza, hana ugomvi. Natafuta mwenzake mwenye FeLV, wa miezi minane hadi miaka minne, jike au dume, aliyezoea kukaa na paka wengine. Gharama za kurudia kipimo, chanjo na kuhasi nitalipa mimi. Tafadhali usiniletee paka ambaye hajapimwa.*

Sentensi ya mwisho usiiache. Ukitangaza kwamba unatafuta paka, kuna watakaokuachia getini boksi la vitoto saa mbili usiku. Kama hilo litatokea, wapokee kwa chumba kingine au jirani, usiwapitishe sebuleni, na uwatafutie nyumba isiyo na virusi.

Anayekupa paka muulize maswali haya: alipimwa lini, na nani, kwa kipimo gani? Alikuwa akiishi na nani? Anafanyaje akimwona paka mwingine? Anakula nini? Ameugua nini miezi ya karibuni? Omba picha ya karatasi ya kipimo. Ukisikia mtu anakuuzia paka kwa bei kubwa kwa kuwa umesema unamhitaji, achana naye.

Na kama paka yuko kwa mtu anayempenda lakini kachoka kumwona peke yake, zungumzeni. Huenda yeye ndiye atakayemchukua wa kwako. Kinachotakiwa ni wawili wakae pamoja, na nyumba iliyo na nafasi na wavu mzuri ndiyo inayostahili.

Hatua ya sita: kabla hajavuka kizingiti

Paka wenye FeLV kinga yao ni dhaifu, na ugonjwa mdogo wa mgeni unaweza kumuua mwenyeji. Kwa hiyo kutoka alikotoka mgeni apite kwa daktari. Arudiwe kipimo cha FeLV na FIV. Apewe dawa ya minyoo. Akaguliwe mapunye, ambayo hushika paka wote na watoto wa nyumba pia. Achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo ya mafua na ya ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoangamiza paka wadogo. Mwombe daktari atumie chanjo ya virusi vilivyouawa kama anayo, kwa sababu ya hiyo kinga dhaifu. Ahasiwe akiwa na afya ya kuhimili.

Viroboto waondolewe wote, maana hubeba vijidudu vinavyoshambulia chembe nyekundu za damu, na hawa damu yao haina akiba. Lakini tumia dawa ya paka tu. Poda na matone ya mbwa yenye pemethrini humuua paka kwa mitetemeko, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usiisogeze karibu yake hata ikiwa imezimuliwa.

Kisha akae chumba chake angalau wiki mbili, mlango umefungwa, na choo, bakuli na matandiko yake mwenyewe. Hudumia mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, kisha unawe mikono kwa sabuni. Akipiga chafya au akihara, siku zinaanza kuhesabiwa upya baada ya kupona.

Hatua ya saba: wakutanishe

Usiwafungulie mlango ukatazama kitakachotokea. Paka hujuana kwa pua kabla ya macho, na pua zinaweza kuanza kazi wakati mgeni bado yuko chumbani kwake, mradi haonyeshi dalili ya ugonjwa.

Chukua kitambaa safi, kipande cha kanga chakavu kinafaa sana, umsugue mgeni mashavuni na kidevuni, penye harufu yake ya urafiki. Kiweke karibu na bakuli la mwenyeji. Fanya hivyohivyo upande wa pili. Mara ya kwanza mwenyeji atanusa, atarudi nyuma, pengine atafoka kuelekea kitambaa. Usimkemee. Siku atakapokilalia, umepiga hatua.

Halafu walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Anza bakuli zikiwa mbali kiasi kwamba wote wanakula bila kutazama mlango, kisha sogeza kidogo kila mlo. Wakila karibu kabisa na mlango wakiwa watulivu, wabadilishe vyumba kwa saa moja: mgeni azunguke nyumba, mwenyeji anuse chumba cha mgeni.

Kuonana kuanze kwa upenyo. Fungua mlango kidogo na uuzuie usifunguke zaidi, au ufunge kipande cha wavu kwenye fremu. Chakula kitamu pande zote mbili, dakika chache, kisha funga wakiwa bado na amani. Soma miili yao. Masikio yaliyolala nyuma, mkia uliofura, kukaziana macho bila kupepesa: rudi hatua moja. Kutazama pembeni, kupepesa polepole, kujilamba au kujilaza ubavu ni habari njema. Kufoka mara moja mbili na kupigana kofi bila makucha ni mazungumzo yao ya kawaida.

Zikishapita zile wiki mbili za chumbani, na daktari akiwa hana wasiwasi, waache pamoja huku ukiwepo, kwanza kwa muda mfupi, na uwachezeshe kila mmoja kwa kamba yake. Usimbebe mmoja mikononi kumpelekea mwingine usoni. Atakukwaruza kwa hofu na atamhusisha mgeni na kubanwa. Wakishikana kweli, usitie mkono. Waingizie ubao, mto au boksi katikati, watengane, na mwanzo uwe tena mlango uliofungwa. Ukiumwa na paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali, hata kama jino limeacha kitundu kidogo tu.

Wapo wanaozoeana ndani ya siku chache, na wapo wanaochukua miezi. Anayetaka kuharakisha ndiye anayechelewa. Wengine hawatalala wamekumbatiana kamwe. Watakaa chumba kimoja, mmoja dirishani na mwingine juu ya kabati, na kilio cha mlangoni kitakoma. Hiyo inatosha.

Hatua ya nane: maisha ya wawili

Sasa wanaweza kulambana na kula pamoja, ingawa ni bora kila mmoja awe na bakuli lake ili ujue nani ameacha kula. Chakula chote kipikwe. Nyama mbichi na samaki mbichi vina vijidudu ambavyo paka mwenye kinga kamili huvimudu na huyu asivimudu. Dagaa wachemshwe bila chumvi, wasiwe chakula pekee, na usitie kitunguu wala kitunguu saumu. Panadol usimpe kwa sababu yoyote. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mpime uzito kila mwezi: simama juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa. Kupungua kwa nusu kilo kwa paka wa kilo nne ni jambo kubwa ambalo jicho halilioni chini ya manyoya. Wapeleke kwa daktari kila baada ya miezi sita, na siku yoyote ambayo mmoja amegoma kula kwa saa 24, au anapumua kwa mdomo, usisubiri kesho.

Kama hajapatikana

Inaweza kuchukua muda mrefu, na pengine mji wako hauna mwingine. Wakati huo wewe ndiye mwenzake. Mchezeshe kwa kamba na unyoya mara mbili kwa siku, saa zilezile, kwa robo saa, kisha umpe chakula. Mwili wa paka umezoea kuwinda, kula na kulala kwa mpangilio huo. Mfichie punje za chakula ndani ya boksi azitafute. Mwekee kiti mbele ya dirisha lenye wavu, mahali anapoona ndege. Ukitoka kutwa, mtu wa nyumbani akae naye hata anapochambua mchele. Hayo yakifanyika kila siku, wapo paka ambao hunyamaza, na unagundua kwamba hawakuhitaji paka mwingine.

Siku mmoja akiondoka

Hili litakuja, na ni haki ulijue sasa. Paka wengi ambao virusi vimewatawala hufa ndani ya miaka kama mitatu tangu kugunduliwa. Wapo wanaoishi zaidi, na walioambukizwa wakiwa wadogo sana mara nyingi huondoka mapema. Atakayebaki atatafuta vyumbani, atalia, pengine atapunguza kula. Ikiwa inawezekana mwache aunuse mwili. Mpe chakula chenye harufu kali, kaa naye, usibadilishe saa zake. Mwenza mwingine wa FeLV aje tu ikiwa aliyebaki bado ana afya na anaonyesha tena zile dalili za hatua ya kwanza, na safari ianzie pale kwenye kipimo.

Na wote wakiisha, nyumba haibaki na sumu. Kirusi hiki ni dhaifu nje ya mwili; mahali pakavu hakidumu zaidi ya saa chache, na sabuni hukiua. Tupa mchanga wa choo, badilisha mabeseni au yaoshe kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, suuza, anika juani, fua matandiko. Baada ya hapo unaweza kumkaribisha paka mzima aliyechanjwa.